Fonti ya Kifahari kwa Jarida Lako: Ya Bure, ya Kukodi au ya Kununua?

Kuna sura ya herufi ambayo ukiiona kwenye jalada unatambua, kabla hujasoma hata neno moja, kwamba unaonyeshwa umaridadi. Mashina yake ni manene na yamesimama wima. Mistari inayoyaunganisha ni myembamba mno. Serifu zake, yaani vile vikato vidogo vya miguuni na vichwani mwa herufi, zimelazwa moja kwa moja bila pindo. Jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa herufi za ukoo huu, na utazikuta pia kwenye vichupa vya manukato, kadi za harusi, majalada ya riwaya na vitabu vya mapishi.

Ni herufi nzuri sana, na kwa hiyo kila mhariri mwenye jarida changa huzitamani. Ukizikosea, hata hivyo, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya fonti yenyewe. Makala haya ni kwa mhariri huyo, kwa msanifu kurasa anayejitegemea, kwa mchapishaji mdogo wa vitabu na kwa mwenye duka la kadi. Msimamo wangu ni huu: chagua kwanza kwa ukubwa wa maandishi na karatasi utakayochapia, kisha soma leseni, na bei iwe ya mwisho. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi utapata fonti inayokutosha bila kulipa chochote. Na ukilipa, utajua unacholipia.

Kwa nini mistari myembamba hupotea

Herufi hizi zililelewa na karatasi. Katikati ya karne ya 18, John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza herufi zenye ncha kali kuliko za waliomtangulia, na kitabu chake cha mwaka 1757 cha mashairi ya Virgil kilichapwa kwa sehemu kwenye karatasi ya aina mpya, laini, isiyo na alama za wavu wa kiwandani. Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi: Firmin Didot jijini Paris na Giambattista Bodoni mjini Parma, Italia, walipunguza mistari ile hadi ikafika kikomo kabisa cha uwezo wa mashine.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mafundi hao walichonga kila ukubwa peke yake. Herufi ya kusomwa ndani ya aya ilichongwa na mistari minene kidogo, na ile ya kichwa cha ukurasa ikapewa mistari myembamba. Kitabu cha vielelezo vya Bodoni, *Manuale Tipografico*, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake, kinaonyesha msururu mrefu wa herufi zinazofanana sura huku kila moja ikiwa na ukubwa wake.

Kompyuta zilipokuja, fonti nyingi zilitengenezwa kwa mchoro mmoja tu unaokuzwa na kupunguzwa. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua fonti ambayo mstari wake mwembamba ni sehemu 20 kati ya 1,000 za ukubwa wa herufi. Ukiiweka kwa pointi 72, mstari huo una unene wa pointi 1.44, na hakuna mtambo utakaoshindwa kuuchapa. Ukiiweka kwa pointi 10, unabaki pointi 0.2. Wachapaji wengi hushauri mstari usipungue pointi 0.25, na uwe mara mbili ya hapo ukiwa mweupe juu ya rangi nzito, kwa sababu wino husambaa na kuuziba. Kwenye karatasi ya gazeti, inayofyonza wino, hali huwa mbaya zaidi. Vivyo hivyo rangi nne za ofseti zikisogea hata kidogo tu wakati wa kuchapa.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Lugha yetu imejaa m, n, u, h na i, herufi ambazo karibu zote ni mashina ya wima. Andika "umuhimu" au "kuhimili" kwa Bodoni kali katika maandishi madogo: viunganishi vinafifia na msomaji anabaki kutazama vijiti vya ua. Maneno yetu pia ni marefu, kwani viambishi vyote hukaa ndani ya neno moja. Kichwa chenye "wanaotutegemea" hakitatosha kwenye safu nyembamba ikiwa fonti ni pana. Na "ng'ombe" na "ng'ara" zinahitaji ritifaa iliyochorwa vizuri, yenye mkunjo, wala si kile kijiti kilichonyooka cha kwenye kibodi. Kwa hiyo tunapolinganisha fonti, tuulize maswali manne: ina matoleo ya ukubwa tofauti? Ina upana zaidi ya mmoja? Ritifaa na tarakimu zake zikoje? Leseni yake inaruhusu nini?

Za bure zenye leseni huria

Fonti nyingi zilizo katika maktaba ya Google Fonts hutolewa kwa leseni iitwayo SIL Open Font License. Leseni hii inakuruhusu kuzitumia kwa biashara, kuziweka kwenye tovuti, kuzifungia ndani ya PDF na hata kuzirekebisha. Kikubwa inachokataza ni kuliuza faili la fonti peke yake. Humu zimo tano zinazostahili kupimwa.

*Playfair Display*, iliyochorwa na Claus Eggers Sørensen na kutolewa mwaka 2011, ndiyo mashuhuri kuliko zote. Imeegemea zama za Baskerville. Kimo cha herufi zake ndogo ni kikubwa na mikia yake ni mifupi, hivyo mistari ya kichwa cha habari inaweza kukaribiana bila kugongana. Ina uzito kadhaa pamoja na italiki. Ina mambo mawili ya kuangalia. Tarakimu zake za kawaida hupanda na kushuka, jambo linalopendeza ndani ya aya lakini linaloyumbisha orodha ya bei. Tarakimu za kimo kimoja zimo ndani yake, ila ni lazima uziwashe kwenye programu. Pili, imetumika mno. Ukitaka jarida lako lisifanane na mengine, hiyo nayo ni gharama, ingawa haiandikwi kwenye risiti. Toleo lake jipya, linaloitwa *Playfair* tu, limerudisha hekima ya wale mafundi waliochonga kila ukubwa peke yake: ni fonti badilifu yenye mhimili wa ukubwa, ambapo mistari hunenepa yenyewe maandishi yakipungua, pamoja na mhimili wa upana.

*Bodoni Moda*, ya Owen Earl, ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa anayetaka sura halisi ya Bodoni bila kulipa. Mhimili wake wa ukubwa unaanzia pointi 6 hadi 96, na uzito ni kutoka 400 hadi 900. Faili moja linaweza kubeba jina la jarida, kichwa cha habari na maelezo ya picha, kila kimoja kikiwa na unene wake sahihi. Hakikisha tu kwamba programu yako inasoma fonti badilifu. Baadhi ya programu za zamani haziusomi mhimili huo, na hapo faida yote inapotea.

*Cormorant*, ya Christian Thalmann, ina asili tofauti. Inatokana na urithi wa Claude Garamont wa karne ya 16, ikanolewa kwa ajili ya maandishi makubwa. Ni laini na ya kishairi, nzuri kwa kadi ya harusi au jalada la diwani. Kimo cha herufi zake ndogo ni kifupi, kwa hiyo huonekana ndogo kuliko fonti nyingine kwa pointi zilezile. Ukiipanga kwenye aya kwa pointi 10, wasomaji wenye umri watakulaumu, na watakuwa na haki.

*DM Serif Display*, ya Colophon Foundry, ina uzito mmoja na italiki yake tu. Mistari yake si myembamba sana, na kwa sababu hiyo huvumilia karatasi duni na skrini za simu za bei nafuu. Inaye pia mwenzake, *DM Serif Text*, kwa maandishi madogo zaidi.

*Abril Fatface*, ya TypeTogether, studio ya Veronika Burian na José Scaglione, ni nene sana, kwa mfano wa mabango ya matangazo ya karne ya 19. Inafaa neno moja au mawili. Fahamu kwamba hii ni tawi la bure la ukoo mkubwa wa Abril unaouzwa. Ukiipenda na kutaka uzito mwingine, utafika dukani.

Ulizonazo tayari

Kabla ya kutafuta kwingine, fungua orodha ya fonti kwenye kompyuta yako. Kompyuta za Mac huja na Didot na Bodoni 72. Wenye Microsoft Office mara nyingi wana Bodoni MT. Kwa tangazo la ukurasa mmoja au kadi, zinaweza kutosha kabisa. Mpaka wake ni kwamba leseni imefungwa kwenye kifaa au programu uliyonunua: kuinakili fonti hiyo kwenye kompyuta ya mwenzako au kuipandisha kwenye tovuti si haki yako. Ukipeleka kazi kwa mpiga chapa, toa PDF iliyofungiwa fonti ndani yake. Ukimpa faili la wazi na yeye hana fonti hiyo, mashine itaweka nyingine, na umaridadi wote utaishia hapo.

Za kukodi

Njia ya pili ni usajili. Adobe Fonts imo ndani ya usajili wa Creative Cloud bila malipo ya ziada, kwa matumizi ya kuchapisha na ya tovuti. Humo kuna *Kepler*, ya Robert Slimbach, ambayo kwa maoni yangu inaufaa Kiswahili kuliko nyingi zenye jina kubwa. Ina matoleo ya maelezo madogo, aya, vichwa vidogo na maandishi makubwa, na ina upana uliobanwa kwa yale maneno yetu marefu. Ukiwa na Kepler unaweza kupanga jarida zima kwa ukoo mmoja.

Udhaifu wa kukodi unaonekana siku unapoacha kulipa. PDF ulizokwisha kutoa hubaki zilivyo, lakini ukifungua faili la kazi ili kurekebisha toleo la zamani, fonti haipo. Fonti pia inaweza kuondolewa maktabani pale kampuni iliyoitengeneza inapojitoa. Na ukimtengenezea mteja tovuti, yeye anapaswa kuwa na usajili wake. Wa kwako haumbebi.

Canva ni aina nyingine ya kukodi. Playfair Display na nyingine nyingi zimo, na kwa kadi au tangazo la mtandaoni ni rahisi sana. Ila huwezi kulitoa faili la fonti ukalitumia kwingine, na udhibiti wa mambo madogo, kama tarakimu na nafasi kati ya herufi mbili mahususi, ni finyu. Kwa jarida la kurasa nyingi, utakwama mapema.

Za kununua

Mwaka 1992, jarida la Harper's Bazaar la Marekani lilipobadilishwa sura na Fabien Baron, Jonathan Hoefler alilichorea Didot mpya yenye matoleo saba ya ukubwa, ili mistari ibaki myembamba vilevile kwa macho, herufi iwe kubwa au ndogo. Leo inauzwa kwa umma, na wengi huijua kwa jina la *HTF Didot*. *Linotype Didot*, iliyochorwa na Adrian Frutiger mwaka 1991, ina toleo la aya na la vichwa. *ITC Bodoni* ya mwaka 1994 ina matoleo matatu: ya pointi 6, 12 na 72. Kwa wanaotaka sura mpya zaidi, kuna *Domaine Display* ya Kris Sowersby wa New Zealand, yenye upana wa aina kadhaa, na *Austin* ya Paul Barnes, iliyozaliwa kwa ajili ya jarida la Uingereza.

Hapa unalipia vitu vitatu: matoleo ya ukubwa yaliyochorwa kwa mkono wa fundi, nafasi kati ya herufi iliyopimwa kwa uvumilivu, na sura ambayo si kila jirani anayo. Mtindo mmoja kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola, na ukoo mzima unaweza kufika mamia. Kumbuka kwamba leseni hugawanywa. Ya kompyuta huhesabu watumiaji, ya tovuti mara nyingi huhesabu kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi, na za programu za simu na vitabu vya kielektroniki huwa peke yake. Mhariri anayenunua ya kompyuta tu na kuipandisha kwenye tovuti amevunja mkataba alioulipia.

Hesabu ya miaka mitatu

Tuchukulie jarida la kila mwezi lenye kompyuta mbili na tovuti. Namba hizi ni za mfano. Weka zako mwenyewe.

- *Kununua:* mitindo minne kwa dola 50 kila mmoja ni dola 200. Tuseme leseni ya tovuti ni dola 200 nyingine. Jumla ni 400, mara moja. Ukigawa kwa matoleo 36, ni kama dola 11 kwa toleo.
- *Kukodi:* dola 20 kwa mwezi kwa miezi 36 ni dola 720. Lakini ikiwa ungelipia usajili huo hata hivyo kwa sababu ya programu ya kupangia kurasa, fonti haijakuongezea gharama yoyote.
- *Leseni huria:* sifuri. Gharama ni muda wa msanifu wa kuwasha tarakimu sahihi, kurekebisha nafasi na kupima ukubwa.

Sasa weka kando ya hizo gharama ya kosa. Tuseme nakala moja inakugharimu shilingi 3,000 kuchapa, na unachapa 1,000. Ikiwa maelezo ya picha hayasomeki kwa sababu mistari imefutika, umepoteza shilingi milioni tatu kwa toleo moja. Ndiyo maana nasema bei ya fonti ni swali la mwisho.

Kwenye tovuti, mwenye kulipa ni msomaji. Anasoma kwa bando lake, kwa hiyo usimpakulie mitindo minane ya fonti ili aone kichwa kimoja. Miwili inatosha, katika muundo wa WOFF2, ikiwa kwenye seva yako mwenyewe. Kwa wenye wasomaji Ulaya kuna sababu ya ziada: Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti alipe yuro 100 kwa msomaji ambaye anwani yake ya IP ilipelekwa Google, bila ridhaa yake, kupitia fonti zilizopakuliwa kutoka huko.

Bure isiyo bure

Tovuti nyingi hugawa fonti zenye maandishi "kwa matumizi binafsi". Kadi ya harusi ya dada yako ni matumizi binafsi. Kadi ya harusi uliyolipwa kuitengeneza ni biashara. Tofauti na leseni huria, hizi hukuingiza katika deni ambalo unaweza kudaiwa baada ya kazi kusambaa. Nyingi pia hazina ritifaa, wala ĩ na ũ zinazohitajika katika majina ya Kikuyu, wala lafudhi za Kifaransa kwa majina ya wenzetu wa Kongo na Burundi.

Na fonti iliyoibwa, ile inayopita kwenye flashi kutoka ofisi hadi ofisi, isiingie kabisa kwenye hesabu. Tunalalamika, na tuna haki, vitabu na nyimbo zetu zinaponakiliwa bila malipo. Aliyechora herufi kwa miaka ana dai lilelile juu yetu, hasa wakati zipo nzuri zilizotolewa bure kwa hiari.

Pima kabla ya kulipa

Kampuni kadhaa, Klim inayouza Domaine ikiwemo, hutoa faili za majaribio bure. Zitumie. Panga ukurasa mmoja halisi wa jarida lako, kwa Kiswahili chako, wenye jina la jarida, kichwa kirefu, aya, maelezo ya picha, orodha ya bei na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi. Weka maneno kama "umuhimu", "mwananchi" na "ng'ambo". Kisha mwombe mpiga chapa akuchapie kwenye karatasi utakayotumia, si kwenye printa ya ofisini. Mpe ukurasa huo mtu mwenye umri wa wazazi wako ausome jioni chini ya taa ya kawaida, na mahali anaposita pawekee alama.

Uamuzi kwa hitaji lako

- *Kadi na mialiko:* Cormorant kwa ulaini au Bodoni Moda kwa fahari. Usilipe.
- *Jarida changa au jalada la kitabu:* Bodoni Moda au Playfair mpya kwa vichwa, na fonti tulivu yenye mistari minene zaidi kwa aya. Usilipe bado.
- *Karatasi ya gazeti au wasomaji wengi wa simu:* DM Serif Display. Achana na Didot kabisa.
- *Mwenye Creative Cloud tayari:* Kepler, na upange ukoo wote.
- *Jarida lililokwisha kusimama, lenye matangazo ya kulipia na karatasi nzuri:* nunua ukoo wenye matoleo ya ukubwa, pamoja na leseni ya tovuti, na uutumie kwa miaka. Hapo fedha yako inarudi, kwa sababu wasomaji huanza kukutambua kwa sura ya herufi zako.

Ukibaki na shaka kati ya mbili, chukua ile yenye matoleo ya ukubwa hata kama jina lake halijulikani. Umaridadi wa herufi hizi umo katika mistari yake myembamba, na haujafika kwa msomaji mpaka mistari hiyo ifike kwenye karatasi ikiwa mizima.